Msaada wa mawazo: tunaanzaje kudai viwango kwenye vituo vya kulelea wazee huku Mtwara na Lindi?

mtoto_wa_Mikindani:

Wakuu habari za jioni. Naleta hili hapa kwa sababu kwenye grupu la ukoo tumebishana mpaka watu wameanza kujitoa na hakuna kilichoamuliwa, na mimi naona muda unaenda tu.

Babu yangu, ni mjomba wake mama, yuko kwenye kituo kimoja binafsi cha kulelea wazee huku kusini. Jina la kituo sitaji wala wilaya, naomba mtu asinilazimishe, mtaelewa sababu huko mbele. Alipooza upande mmoja. Alikuwa anakaa ukweni kama desturi yetu ilivyo, mke akafariki, watoto hawakujaaliwa, sisi wapwa na wajukuu tumetawanyika kutafuta maisha, wengine Dar, wengine Tunduru, mimi nimepanga chumba kimoja na natoka alfajiri narudi usiku. Kwa hiyo kabla mtu hajauliza kwa nini yuko kule, ndo hivyo.

Nilivyoenda kumuona mara ya mwisho nilimkuta kalala chali, shuka limelowa, kikombe cha maji kiko dirishani na yeye mkono wa upande ule haufanyi kazi. Nikasema ngoja nimgeuze nimbadilishe. Pale chini ya mgongo, kwenye ule mfupa wa juu ya makalio, kuna kidonda kimeshatoboka, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na shuka limegandia. Nilipoanza kuita mhudumu akanishika mkono na ule mkono wake mzima akaniambia "usiseme kwa sauti mjukuu wangu, wewe ukiondoka mimi nabaki nao". Hiyo kauli ndo inanikosesha usingizi kuliko hata kidonda chenyewe.

Na niwe mkweli wale wahudumu sio watu wabaya. Usiku anakuwepo dada mmoja tu, yeye ndo anageuza, yeye ndo anafua mashuka, yeye anaamka kupika uji wa asubuhi na mtu akigonga geti ni yeye huyohuyo anaenda kufungua. Sasa wazee wa vitandani wapo kadhaa, ataanzia kwa nani? Nilikwenda kwa mkuu wa kituo nikamweleza kwa adabu, akanisikiliza, akasema tatizo letu ni wafadhili, ukipata mfadhili mlete. Hapo ndo nilipochoka. Maana wafadhili wanakuja! Kila Ramadhani na kila Krismasi watu wanaleta sabuni, sukari, mchele, mafuta, wanapiga picha na wazee wanaondoka. Stoo ina miche ya sabuni imepangwa mpaka juu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza usiku yupo nani zamu.

Sasa ukoo umegawanyika. Vijana wanataka nirekodi video nirushe mtandaoni. Wakubwa wanasema tuchange tununue godoro jipya tunyamaze. Mimi naona yote mawili hayamalizi kitu, godoro litamsaidia babu, je yule wa kitanda cha pili? Na nikishtaki serikalini kituo kikafungwa, wale wengine wanaenda wapi? Humo kuna wazee waliovuka Ruvuma miaka ya 60 wakati wa vita ya ukombozi ya Msumbiji, wamefanya kazi huku wamezeekea huku, ndugu hawana kabisa.

Swali langu ni moja. Nataka kuanzisha kampeni, sio ya kituo kimoja, ya vituo vyote vya Mtwara na Lindi, viwe vya dini, vya watu binafsi au vya serikali, viwe na kiwango ambacho kila mtu anakijua na anaweza kwenda kukikagua. Naanzia wapi, nadai nini hasa, na nafanyaje ili wazee wasije wakaadhibiwa kwa sababu yangu? Nawasilisha.

Mwana_Tandahimba:

Pole sana mkuu. Mimi nasema rusha hiyo video. Nchi hii bila kelele hakuna kinachofanyika, ikishasambaa utaona magari ya wakubwa yanapishana hapo kituoni wiki hiyohiyo.

Mtu_wa_Ruangwa:

Mimi nitasema lililo moyoni na sitaki kumkwaza mtu. Wazee wetu hawakuwa wa kupelekwa kituoni. Bibi yangu aliuguzwa nyumbani mpaka siku ya mwisho, tulikuwa tunapokezana, msimu wa korosho mmoja anabaki nyumbani wengine wanaenda kuokota. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndo msingi wa matunzo na makazi ya wazee ni hatua ya mwisho kabisa. Nguvu hiyo ya kampeni ungeitumia kurudisha wazee majumbani. Ukiboresha vituo unawapa watu sababu ya kutupa wazazi wao.

mtoto_wa_Mikindani:

@Mtu_wa_Ruangwa nakuheshimu na sijakwazika, bibi yako alipata bahati ya kuwa na watu wa kupokezana. Ila hapo kwenye kutupa wazazi siwezi kukubali. Hatua ya mwisho maana yake kuna watu wameshafika mwisho. Mzee aliyeoa ukweni mke akafa, kwa desturi zetu za ukoo wa mama pale nyumba si yake, watoto kama wapo ni wa ukoo wa mke, anategemea wapwa zake na wapwa wako mbali au wamekufa. Hawa wapo vijiji vyote unavyovijua kuanzia Newala mpaka Nachingwea. Hakuna mtu anamtupa mzazi kwa sababu kasikia kituo kina nesi wa usiku. Na hata ukifanikiwa kurudisha nusu yao nyumbani, ile nusu inayobaki inageuzwa na nani saa nane za usiku?

@Mwana_Tandahimba asante, ila video ya babu yupo uchi na kidonda chake siirushi. Yule ni mkubwa wa ukoo, jando letu sisi wajukuu alisimamia yeye.

Nesi_Mstaafu_Masasi:

Wanangu shikamooni kwa walionizidi, wengine marahaba. Nimefanya uuguzi mpaka nimestaafu na wodi ya wanaume ndo ilikuwa yangu miaka mingi, kwa hiyo naomba niongee kwa urefu kidogo kwenye hiki kidonda, kwa sababu nikisoma maelezo ya mjukuu huyu naona ndani ya kidonda kimoja kampeni yake yote imo.

Kidonda cha kulalia hakishuki kutoka mbinguni. Mtu asiyeweza kujigeuza, nyama iliyo kati ya mfupa na godoro inabanwa, damu haipiti, baada ya masaa machache inaanza kufa. Mara nyingi kinaanzia ndani, ukija kukiona nje ujue kimeshakula. Ndio maana tulifundishwa kila masaa mawili mgonjwa anageuzwa, ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, na kila ukimgeuza unaangalia sehemu zenye mfupa, chini ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega, mpaka nyuma ya kichwa. Kwa ngozi zetu nyeusi usitegemee kuona wekundu, angalia pamebadilika rangi kuliko jirani yake, gusa kwa mgongo wa mkono usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu. Ukibonyeza pale palipobadilika na ile rangi haififii, mzee huyo asilalie hapo tena mpaka papone. Na msipasugue kwa mafuta mkidhani mnasaidia, mnaichana nyama iliyokwishachoka. Shuka lenye mkojo linalainisha ngozi, basi kinakwenda haraka zaidi.

Sasa hivi kwa babu yako: huyo aonwe na daktari wiki hii hii, kidonda kilichotoboka kinaweza kumwingiza sumu kwenye damu, hiyo haingoji kampeni. Ana zaidi ya miaka 60, kwenye hospitali zetu kuna dirisha la wazee, mpelekeni. Wakati huo mnatafuta mito ya sufi, ile ya kawaida inayouzwa sokoni, mmoja unawekwa nyuma ya mgongo akilala ubavu, mmoja kati ya magoti, mmoja chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie kisiguse kitanda. Hiyo haihitaji mfadhili wa Ulaya.

Halafu kwenye kudai. Usidai "huduma bora". Huduma bora kila mtu anasema anayo. Dai karatasi. Karatasi moja inabandikwa miguuni mwa kitanda, ina masaa, aliyegeuza anaandika saa ngapi kageuza ubavu gani anatia sahihi. Karatasi ikiwa haina kitu kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hapo huna haja ya kugombana na mtu, karatasi imesema. Hapohapo iandikwe amekunywa maji kiasi gani, kwa sababu mzee kiu haisikii vizuri, atakaa siku nzima na hasemi, ukiona mkojo kama chai ya rangi ujue amekauka. Na kwa wenye sukari wanaotumia dawa, chakula cha mwisho saa kumi na moja jioni halafu uji saa mbili asubuhi ni hatari, sukari inashuka usiku na huyo mhudumu mmoja aliyelala kwa uchovu hatajua. Nimeona watu wanasema mzee kafa usingizini kwa amani. Inaniuma sana hiyo kauli, kwa sababu wengine nawajua hawakufa kwa amani.

ustawi_kusini:

Nimo kwenye kada ya ustawi wa jamii, halmashauri sitaji. Nimefurahi mtu kuleta mada hii bila matusi.

Kwanza kuhusu njia. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ndiye wa kwanza, kila halmashauri anao, na vituo hivi viko chini ya jicho la ustawi wa jamii kwa hiyo ni wajibu wake kufika. Andika barua, usiende kwa mdomo. Barua iwe na tarehe, uliona nini, saa ngapi, na unaomba nini, nakala kwa mkurugenzi, ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo yanaishia pale pale kwenye benchi la ofisi, na mimi nasema hivyo nikiwa ndani. Ikikwama kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wana ofisi Lindi, malalamiko wanapokea bure.

Pili hofu ya kufungwa kituo. Ni hofu ya kweli na ndio inawafanya hata maafisa wengine waangalie pembeni. Kwa hiyo kwenye barua omba ukaguzi na muda wa marekebisho, na useme wazi kwamba huombi kifungwe. Omba matokeo ya ukaguzi yasomwe mbele ya wazee na ndugu. Hapo unakuwa umembana mwenye kituo na umembana afisa pia.

Tatu, na hapa ndo wengi hawapaoni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mnaolilia mhudumu wa usiku mwezi wa tano mmechelewa, bajeti za halmashauri zinapikwa kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Februari hivi, ikifika Aprili Bunge linakaa kwa ajili ya bajeti na yenu imeshafungwa zamani. Anzeni kwenye mtaa au kijiji, ipande kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi, mnaweza kwenda mkakaa mkasikiliza, na diwani akiwaona mmekaa pale anasimama tofauti. Mnajua kwamba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kila halmashauri ni ya wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2? Wazee hawamo. Siwaambii mzigombanie hizo ni mikopo, nasema muone kwamba kundi hili halina fungu lake na asiyekuwa na fungu ndo anabaki kwenye sabuni za sikukuu. Bara hatuna hata sheria mahsusi ya wazee, tunaenda kwa sera. Zanzibar wao wana Sheria ya Masuala ya Wazee ya 2020 na tangu Aprili 2016 mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii kila mwezi, walianza na shilingi 20,000. Kwa hiyo kudai sheria si ndoto ya mchana, iko ng'ambo hapo.

Na wanaosema rusha video, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti, bila ridhaa yake unajiingiza pabaya, na kituo kitaacha kujibu kuhusu kidonda kitaanza kujibu kuhusu wewe.

Binti_wa_Kilwa:

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, sasa hivi niko Uingereza nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nimeona niwaambie wenzetu wanavyofanya na pia wanapokwama, maana msije mkadhani huku kila kitu ni asali.

Kwa England kuna chombo kinaitwa Care Quality Commission, kimeanza kazi mwaka 2009. Wanakuja kukagua, mara nyingi bila kuwaambia, wanaongea na wazee, wanaongea na sisi wafanyakazi tukiwa peke yetu, wanasoma yale makaratasi aliyosema mama nesi, ndio, huku pia ni yaleyale ya saa ngapi kageuzwa na kanywa nini. Wakimaliza wanatoa daraja, ziko nne, kuanzia bora sana mpaka haitoshi, na daraja hilo ni lazima libandikwe pale mlangoni na liwekwe kwenye tovuti ya kituo. Mtu anayetafuta pa kumlaza mama yake anasoma kabla hajaingia. Hicho kitu kimoja cha kubandika mlangoni nakipenda kuliko vyote na nadhani hata Lindi kinawezekana, karatasi na gundi tu.

Ila wanapokwama ni watu. Nyumba nyingi huku hazina wafanyakazi wa kutosha na ndo maana sisi tuko huku. Kuna siku unamaliza zamu miguu imevimba na unajua kuna bibi alikuwa anataka uongee naye dakika tano tu hukuweza. Australia baada ya tume yao ya kifalme, yaani tume kubwa ya uchunguzi, iliyotoa ripoti ya mwisho 2021 wamefika mahali wameweka dakika kwenye sheria, tangu Oktoba 2023 ilikuwa wastani wa dakika 200 za huduma kwa kila mzee kwa siku, Oktoba 2024 ikapanda 215, na nesi aliyesajiliwa lazima awepo masaa 24. Ile tume ilikuja baada ya familia kulalamika kuhusu kituo cha Oakden kule Adelaide, walilalamika wakapuuzwa, wakaendelea, kikafungwa 2017 ndipo nchi nzima ikaamka. Marekani nao 2024 walitunga kanuni ya masaa 3.48 ya huduma kwa siku kwa kila mzee, wenye vituo wakaenda mahakamani, 2025 jaji wa Texas akaifuta. Kwa hiyo mjiandae, ukigusa idadi ya wafanyakazi unagusa hela na hapo ndo vita ilipo.

Jambo lingine ni kutembelewa. Wakati wa korona nyumba za wazee zilifungwa, watu walikuwa wanaongea na mama zao kupitia kioo cha dirisha. Familia zikapiga kelele miaka, na tangu Aprili 2024 kwa England ni kanuni, mzee ana haki ya kupokea wageni na kituo hakiwezi kumzuia hivihivi. Nawaambieni kutoka ndani, mzee anayetembelewa bila ratiba anahudumiwa vizuri zaidi. Mfanyakazi anajua wakati wowote mtu anaweza kuingia akafunua shuka. Mtoto wa Mikindani, kama ndugu wa wazee wote wa pale mkigawana siku mkawa mnaingia jioni, leo huyu kesho yule, na mnawasalimia na wasio na ndugu, mtakuwa mmeshaanza kampeni kabla barua haijaandikwa, na ile hofu ya babu ya "nabaki nao" inapungua maana habaki nao peke yake.

Mwenyekiti_Baraza_Wazee (naandikiwa na mjukuu):

Nimesomewa haya yote na mjukuu wangu. Nashukuru. Mimi ni mzee wa miaka 70 na zaidi, ni mwenyekiti wa baraza la wazee la kata yetu. Naona mnapanga vizuri, lakini kuna mahali mmeturuka. Mmesema ndugu wakagawane siku, karatasi ya nesi idaiwe, afisa aandikiwe barua. Wazee wenyewe mtawauliza lini?

Mimi nimekwenda kwenye vituo kuwasalimia wenzangu. Ukimwuliza mtu pale kinachomuumiza wala hasemi godoro kwanza. Mmoja aliniambia anaogeshwa na binti wa umri wa mjukuu wake, mlango uko wazi, watu wanapita. Alikuwa akilia. Mwingine aliniambia tangu afike hajala ming'oko wala samaki mbichi, ni wali maharage kila siku na meno hana. Mwingine hajapelekwa msikitini wala hajui Ijumaa ni lini. Mwingine anaitwa "babu wa kitanda cha mlangoni". Ana jina, na ana majina ya baba zake. Kama mtaandika viwango vyenu na hayo hayamo, mtakuwa mmeandika viwango vya wodi.

Na mabaraza ya wazee yako kuanzia kijijini mpaka taifa. Tutumieni. Sisi tukienda kituoni hakuna atakayesema tunatafuta umaarufu, na mzee mwenzake atasema kwangu ambalo hawezi kulisema mbele ya mjukuu. Aibu ni ya rika na rika. Oktoba Mosi ni Siku ya Wazee, Juni 15 ni siku ya kupinga ukatili dhidi ya wazee. Kila mwaka tunapewa fulana na maji ya chupa, tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunasikiliza hotuba. Mwaka huu mtuletee hayo maandishi tuyasome sisi kwenye maiki mbele ya mkuu wa wilaya.

ustawi_kusini:

Shikamoo mzee mwenyekiti. Umenikumbusha kitu tulichosoma chuoni. Marekani mwaka 1975 mama mmoja anaitwa Elma Holder aliunganisha vikundi vidogovidogo vya wananchi vilivyokuwa vinapigania wazee kwenye nyumba zao za matunzo, kila kimoja kilikuwa kinapiga kelele kivyake. Mwaka 1985 walifanya hicho hicho unachosema, wakaenda kuwauliza wazee wenyewe, zaidi ya 400 kwenye miji tofauti, huduma nzuri kwenu ni ipi. Wazee wengi walisema cha kwanza ni watu wanaowahudumia, namna wanavyowatendea. Miaka miwili baadaye, 1987, Bunge lao likapitisha sheria iliyoweka haki za wakazi wa vituo, haki ya heshima, ya faragha, ya kulalamika bila kulipiziwa, haki ya kuwa na baraza lao la wakazi humo ndani na la familia, na kutofungwa kamba kwenye viti na vitanda kwa ajili ya urahisi wa wahudumu. Kabla ya hapo kufungwa ilikuwa kawaida, baadaye ilipungua sana. Hiyo ya baraza la wakazi ndani ya kituo tunaweza kuiga bila kusubiri sheria, inahitaji mwenye kituo kukubali na mtu wa kuandika mihtasari.

Mtu_wa_Ruangwa:

Nimesoma yote. Bado naamini nyumbani ndo pa mzee, lakini hilo la mzee kuogeshwa mlango wazi siwezi kulikalia kimya. Mimi ni fundi seremala. Vituo vya upande wetu wa Lindi vikihitaji milango au mapazia ya mbao ya kukunja ya kuogeshea, nitatengeneza, mbao mtachangia. Na nitaingia kwenye hiyo zamu ya kutembelea.

mtoto_wa_Mikindani:

Asanteni sana wote, na mzee mwenyekiti shikamoo, nimesoma ujumbe wako mara nyingi.

Babu tumempeleka hospitali jana, kidonda kimesafishwa, yupo wodini na binamu yangu kakaa naye. Kwenye grupu la ukoo nimeweka maelezo ya mama nesi na wamekubaliana, mito imeshanunuliwa.

Kuhusu kampeni hivi ndivyo nilivyoelewa na naomba mnisahihishe. Tunaanza na ndugu wa wazee walioko vituoni, kila mwenye mzee wake aje inbox, tupange zamu za kutembelea ikiwa ni pamoja na wazee wasio na mtu. Wakati huohuo mabaraza ya wazee yanaenda kuongea na wenzao bila sisi kuwepo. Yatakayotoka huko ndo yanakuwa ukurasa wa kwanza wa madai, kuoga kwa faragha, kuitwa kwa jina, chakula anachoweza kutafuna, ibada, halafu ndo yanafuata ya mama nesi, karatasi kitandani, watu wawili usiku badala ya mmoja na mmoja wao awe na mafunzo, maji karibu na mkono unaofanya kazi. Mwisho matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni. Barua inaenda kwa maafisa ustawi wa halmashauri zote za mikoa miwili ikiwa na muhuri wa baraza la wazee, kabla bajeti hazijaanza kupikwa.

Kitu kimoja sijaelewa bado. Wale wahudumu tunawaweka wapi kwenye hili? Yule dada wa usiku nikimuomba ajaze karatasi kila masaa mawili na bado yuko peke yake, si nitakuwa nimemuongezea mzigo na ushahidi wa kumfukuzia kazi?

Nesi_Mstaafu_Masasi:

Swali zuri sana hilo mjukuu wangu, na wengi hawaliulizi. Mwiteni kwenye kikao cha kwanza kabisa, kabla ya mkuu wa kituo kama mnaweza. Mwambieni karatasi hiyo ni ngao yake. Akiwa na wazee wa kugeuza kumi na ameandika ukweli kwamba ameweza kugeuza wanne tu, karatasi inaonyesha kwamba watu hawatoshi, haionyeshi kwamba yeye ni mvivu. Atakayejaza masaa yote kumbe hakugeuza, huyo ndiye wa kumwogopa, na atajaza hivyo kama anajua atafukuzwa. Kwa hiyo kwenye madai yenu andikeni wazi kwamba hakuna mhudumu atakayeadhibiwa kwa kuandika ukweli, mkuu wa kituo aweke sahihi hapo. Na mshahara wake mwulizeni anapata lini, maana wengine wanakaa miezi.

Mimi nipo Masasi. Mkinitafutia ukumbi nitawafundisha wahudumu wa vituo vyote vya karibu kugeuza mtu mzito bila kuumia mgongo, kumlisha aliyepooza bila chakula kumpalia, na kushika mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu na usiburuzwe sakafuni. Silipwi. Nataka tu mje na shuka mbili na kitanda kimoja cha kufanyia mazoezi, na yule dada wa usiku apewe ruhusa ya siku hiyo bila kukatwa.